Ni dhambi ao ni faini tu?

Sisi makatekista wa vijiji vya kandokando ya ziwa Tanganyika tunaulizwa maswali mengi siku za kuwatayarisha watu kwa kitubio. Mengine ni mepesi. Lakini mawili hutupa kazi. Mvuvi huja na kusema: «Mwalimu, Leta amefunga ziwa miezi mitatu, nami nimeingia usiku nikavua. Jambo hili niliungame, ao nikikamatwa na kulipa faini limekwisha?» Na mama mchuuzi husema: «Nimevuka toka ng'ambo na vipando vya muhogo katikati ya nguo zangu. Watu wa dwane hawakuviona. Nimeiba mali ya nani?»

Maswali hayo ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanauliza kama amri ya serikali juu ya viumbe vya Mungu, samaki na mimea, yaweza kumfunga mtu mpaka ndani ya dhamiri, ao inamfunga mikono tu wakati askari anapotazama. Wengi wamekwisha kujijibu. Wanasema: Samaki ni wa Mungu, ziwa halina mlango, basi nani aweza kulifunga? Tusiwacheke. Neno lao lina ukweli ndani yake, nasi tutalirudia.

Kwanza tuwasikilize walimu. Zamani katika vyuo vya teolojia walikuwako wanazuoni waliofundisha kwamba ziko sheria za adhabu tu. Maana yake, mtawala anapotoa amri fulani hataki kuifunga roho ya mtu. Anataka tu kwamba atakayekamatwa alipe. Ukikamatwa, lipa. Usipokamatwa, lala usingizi. Wanazuoni hao hawakuwa wapumbavu. Waliona wafalme wanatoa amri nyingi kama mvua, wakaogopa kwamba maskini atahesabiwa dhambi mpya kila siku ya Mungu. Na kweli, kama sheria inamwamuru mwenye duka kubandika karatasi fulani mlangoni, hatuna haja ya kugombana nao.

Lakini mafundisho hayo, yakishuka toka chuoni mpaka sokoni, yanakuwa kitu kingine. Yanakuwa: «Dhambi ni kukamatwa.» Na hapo ndipo tunapokataa. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba wawatii wenye mamlaka, na tena si kwa kuogopa adhabu tu, bali kwa ajili ya dhamiri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anatupa kipimo. Sheria iliyo kweli sheria ina mambo manne: ni agizo la akili, si la hasira wala la tamaa, inaelekea manufaa ya wote, imetolewa na yule mwenye kuitunza jamaa, nayo imetangazwa. Ikikosa hayo, yeye mwenyewe anafundisha kwamba sheria dhalimu haimfungi mtu katika dhamiri, isipokuwa labda kwa kuepusha fujo na makwazo. Basi tupime.

Je, iko akili katika kufunga ziwa? Ziwa letu lina urefu wa kilomita karibu 670, na kina chake kinafika meta karibu 1,470. Katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kupita hili. Mtu akisimama Kalemie na kutazama upande wa mashariki, hawezi kufikiri kwamba maji hayo yote yaweza kukosa samaki. Lakini samaki hawakai katika maji hayo yote. Chini hakuna hewa ya kuwatosha. Wanaishi katika meta mia ao mia mbili za juu tu. Ziwa lenye uhai ni kama utandu juu ya uji: sufuria ni kubwa, utandu ni mwembamba. Na ndakala, ambaye ndiye kitoweo cha watu wengi, maisha yake hayapiti sana mwaka mmoja. Wadogo wake wanakaa karibu na pwani, mahali pale pale panapopita wavu wa kukokota na, aibu yetu, chandarua tulichopewa kwa kujikinga na mbu. Anayekokota chandarua pwani anakula mwaka ujao.

Tena wavuvi wenyewe wanajua kufunga ziwa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazina nguvu, ndakala hawakusanyiki. Mitumbwi inapandishwa ufukoni, watu wanakaa kushona nyavu, watoto wanakula mboga. Hakuna anayeuita mwezi mwonevu. Desturi hii ni ya siku chache, na sababu yake ni nyingine, tunajua. Hata hivyo inaonyesha kwamba kumpumzisha samaki si neno la ajabu lililotoka Ulaya kwa ndege.

Katika Kumbukumbu la Sheria, Mungu anamwambia Mwisraeli aliyekuta kiota njiani kwamba aweza kuchukua makinda, lakini mama wa ndege amwache aende, kusudi apate heri na maisha marefu. Amri ndogo sana, juu ya ndege mdogo sana. Mungu hakuona haya kuiandika pamoja na amri kubwa. Na katika kitabu cha Kutoka anaamuru shamba lipumzike mwaka wa saba. Tutalirudia hilo shamba, kwa sababu liko neno pale ambalo serikali zetu hazipendi kulisoma.

Na manufaa ya wote? Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Tuseme Petro ni Mkristu mwema. Anaona samaki wanapungua, anajisemea: «Mimi nitaacha miezi mitatu wazae.» Petro anaacha. Jirani yake anavua alichoacha Petro. Mwisho wa miezi mitatu samaki hawakuongezeka hata mmoja, na watoto wa Petro wamekonda. Wema wa Petro peke yake umempotea bure. Na asipoacha, hatuwezi kumlaumu sana. Ndiyo maana inahitajika mamlaka ya kuwaambia wote kwa siku moja: acheni. Sheria ya namna hii haimnyang'anyi Petro uhuru wake. Inampa nafasi ya kufanya lile jema ambalo peke yake hawezi. Kwa hiyo twasema si halali kuifananisha na karatasi ya mlangoni.

Hata serikali moja haitoshi. Congo ina karibu sehemu 45 katika 100 za ziwa, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Ndakala aliyezaliwa upande wa Moba aweza kukaangwa Tanzania. Mwaka 2003, huko Dar es Salaam, nchi hizo nne zilitia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa pamoja, na toka hapo ikapatikana ofisi ya ziwa iliyo Bujumbura. Baadaye zikafikia shauri la kufunga uvuvi miezi mitatu. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga kwa upande wake tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mtu wa upande mmoja akivua wakati mwenzake wa ng'ambo amelala na njaa kwa kutii, huyo hamwibii Leta. Anamwibia yule ndugu wa ng'ambo asiyemjua jina. Basi jibu letu kwa mvuvi ni hili: ukivua kwa taa na nyavu kubwa wakati wa kufungwa, ili upeleke sokoni, ungama. Faini unailipia serikali. Deni la ndugu yako linabaki.

Lakini hatujamaliza na mvuvi, na yeye hajamaliza nasi.

Atasema: «Samaki wamepungua kwa ajili yangu peke yangu?» Hapana. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto kuliko zamani, na upepo hauyakorogi vema, hata chakula kinachotoka chini kuwalisha samaki hakipandi kama siku za babu zetu. Joto hilo halikutoka katika taa za wavuvi wa Fizi. Limetoka hasa katika moshi wa nchi tajiri, ambazo hazijafunga chochote miezi mitatu. Basi mvuvi asifanywe yule mbuzi wa Israeli aliyebebeshwa dhambi za watu wote na kupelekwa jangwani. Twamwambia tu hivi: nyumba ikiungua kwa moto wa jirani, bado haifai wewe kuongeza kuni.

Atasema tena: «Na watoto wangu?» Hapa twende polepole. Kanisa limefundisha siku zote kwamba mali ya dunia imewekwa kwa watu wote, na kwamba mtu aliye katika shida ya mwisho, asiye na njia nyingine, aweza kuchukua kinachomtosha kuishi, wala si mwizi. Mtakatifu Tomaso anasema hayo wazi. Baba ambaye hana kitu nyumbani, akitupa ndoana apate samaki wa sufuria ya jioni, hatumwiti mwenye dhambi, hata kama askari amemwandika. Lakini shida ya mwisho ni shida ya mwisho. Haina taa kumi, haina mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, haina mama wa soko anayengoja alfajiri na beseni kumi na tano. Kila mtu anajua moyoni mwake kama alikwenda kutafuta kitoweo ao franka. Sisi hatutaingia moyoni mwake na tochi.

Sasa lile shamba la mwaka wa saba. Mungu alipoamuru lipumzike, aliongeza kwamba kinachoota chenyewe ni cha maskini wale. Alifunga, na kwa neno lile lile akafungua mkono. Na Yosefu kule Misri, alipojua kwamba miaka saba ya njaa inakuja, hakuanza kwa kutangaza makatazo. Alianza kwa kujenga ghala na kuweka sehemu ya tano ya mavuno. Alitunza nchi kwa hesabu. Serikali inayofunga ziwa bila kuuliza mvuvi atakula nini mwezi wa Juni, imesoma nusu ya Maandiko. Tunasema bila hofu: mwenye mamlaka ambaye aliweza kutayarisha mahindi, ao mkopo mdogo, ao kazi ya barabara kwa miezi hiyo, naye hakutaka, ana dhambi yake ya kuungama, nayo si ndogo kuliko ya mvuvi.

Na rushwa. Kuna mahali ambapo wavu unanyang'anywa asubuhi kwa jina la sheria na kuuzwa jioni kwa mwenye wavu yule yule. Huko ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, kambi za uvuvi zenye ruhusa ni tatu, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, na mitumbwi inahesabiwa. Sheria yenyewe ni ya akili. Lakini miaka ya vita watu wenye bunduki waliuza ruhusa zao wenyewe, wakapokea ushuru wao wenyewe, na mitumbwi ikazidi kabisa hesabu. Mvuvi aliyeona hayo kwa macho yake atatuuliza: hiyo nayo ni sheria? Twamjibu kwamba uovu wa mlinzi hauifanyi sheria kuwa mbaya, lakini unawafundisha watu kuidharau, na mafundisho ya namna hiyo huingia haraka kuliko yetu ya Jumapili. Anayekula rushwa ziwani anavua samaki wengi kuliko mvuvi yeyote.

Twende sasa kwa yule mama wa vipando. Wengi watashangaa, lakini tunaona neno lake ni zito kuliko la mvuvi, ingawa yeye hana wavu wala taa, na moyo wake hauna ubaya.

Karibu mwaka 1952 watu wa mto Congo waliona majani mapya yanaelea majini, yenye ua zuri la rangi ya urujuani. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu wa nchi nyingi waliyachukua na kuyapanda katika visima vya bustani kwa ajili ya uzuri wa ua lile tu. Kwa miaka michache yakaenea mtoni kilomita 1,500 na zaidi, kati ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Watu wa mto wakayaita kwa Lingala Kongo ya sika, maana yake Kongo mpya. Serikali ya Wabelgiji ikatuma mashua za kuyapiga dawa, ikamwaga mamilioni ya franka. Franka zimekwisha, serikali ile imekwisha, majani yangaliko.

Jani hilo laweza kuzaa likawa mawili kwa muda wa juma mbili. Fanyeni hesabu kama watoto wa shule: mmea mmoja, baada ya miezi sita, umekuwa zaidi ya 8,000. Yanafunika maji kama mkeka. Chini yake mwanga unakosekana, hewa inakosekana, samaki wanakufa ao wanahama. Mbu na konokono wa kichocho wanapata nyumba. Ukiyang'oa yote, mbegu zake zimelala katika tope, zaweza kungoja miaka 15 na zaidi. Mwisho wa miaka ya 1980 yakaingia ziwa Victoria. Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, uliyashusha ziwani kila siku, na mwaka 1998 yalifunika karibu hekta 20,000. Bandari zikazibwa. Tangu mwaka 1995, kwanza Uganda, wataalamu walileta vidudu vinavyoyala majani hayo, nayo yakapungua sana, lakini hayakwisha. Wako walioyapanda kwa mara ya kwanza katika bara letu, labda kwa kufurahisha wageni wao bustanini. Hakuna hata mmoja aliyetaka kumwua samaki wa Kisumu.

Na muhogo, chakula chetu cha kila siku, bukari na sombe? Mwaka 1973 karibu na Kinshasa na Brazzaville kulionekana kidudu cheupe kama unga juu ya vichwa vya mihogo. Kilitoka Amerika ya Kusini, nacho kilivuka bahari juu ya vipando vilivyoletwa na watu. Hakukuwa na mdudu wa kukila hapa kwetu, kwa hiyo kikaenea nchi baada ya nchi. Mahali pengine mavuno yalipotea hata sehemu 8 katika 10. Sombe ikawa kama mkono uliokunjamana. Wataalamu, na mmoja wao ni Hans Herren, Mswisi, walitafuta adui wa kidudu hicho katika nchi kilikotoka. Mwaka 1981 wakampata Paraguay: nyigu mdogo sana, mdogo kuliko chawa. Na sasa angalieni jambo ambalo linatugusa kuliko yote. Njaa ilikuwa inapiga Afrika, nao walikuwa na dawa mkononi. Hawakukimbia nayo moja kwa moja. Kwanza nyigu alipelekwa Uingereza, akafungiwa na kuchunguzwa, isije ikaonekana kwamba yeye naye ni msiba mwingine ao amebeba msiba. Baada ya hapo ndipo alipopelekwa Nigeria na kuachiwa mashambani, akafika na nchi zaidi ya ishirini, na kidudu kikatulia. Watu hao walikuwa na sababu nzuri ya kuvunja utaratibu kuliko mchuuzi yeyote, nao hawakuvunja.

Sasa tulinganishe. Mvuvi aliyekosa aweza kurudisha. Katika mafundisho yetu juu ya amri ya saba, aliyeiba husamehewa akiwa na nia ya kurudisha. Mvuvi akiacha msimu ujao, akichoma chandarua chake, akimsaidia jirani aliyetii, amerudisha; na ndakala, ambaye maisha yake ni mwaka mmoja, akiachwa huzaa upesi. Lakini aliyeleta kidudu cha muhogo atarudisha nini? Auze nyumba yake, auze na shamba lake, hatalipa sombe ya kijiji kimoja, licha ya nchi ishirini. Kuna makosa ambayo hayana mlango wa kurudi. Kwa makosa hayo, busara inadai tuogope mapema, kabla hatujaona uovu wowote, kwa sababu ukionekana umekwisha kuwa mkubwa. Tangu mwaka 1951 mataifa yamefanya mapatano juu ya jambo hilo, kwamba mmea ulio hai usivuke mpaka bila kukaguliwa na kuwa na cheti cha afya. Watu wengi wanafikiri cheti ni njia ya kula pesa tu. Mahali pengine kimefanywa hivyo kweli. Lakini sababu yake ni hiyo tuliyoeleza.

Mama atasema: «Sikujua.» Ni kweli, na Kanisa halimhukumu mtu kwa asichoweza kujua. Mtu wa mwaka 1973 aliyebeba vipando hakuwa na hatia mbele ya Mungu. Lakini wanateolojia wanatenga ujinga usioweza kushindwa na ujinga wa mtu anayeziba masikio. Aliyeficha vipando katikati ya nguo alijua jambo moja angalau: kwamba kuna anayekataza. Kama hakuuliza kwa nini, ni kwa sababu alipenda kutojua. Migomba ya Kivu imetufundisha vilevile. Ule mnyauko ulioonekana Masisi na Uganda mwaka 2001 unapita kwa machipukizi na kwa kisu kisichosafishwa, na leo hakuna mkulima wa huko anayeweza kusema hajausikia.

Atasema tena, na hapa ana akili: «Muhogo wenyewe si ulitoka ng'ambo?» Naam. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika, na bila hivyo tungekuwa watu wachache leo. Samaki wa sambaza wanaowalisha watu wa Bukavu na Goma hawakuwamo katika ziwa Kivu. Wabelgiji waliwatoa Tanganyika karibu mwaka 1959 na kuwatia kule. Walipeleka aina mbili, wakatumaini moja, ikastawi nyingine. Watu walipata chakula, nasi tunashukuru. Lakini angalieni, hata wenye elimu walikuwa wanacheza kamari kidogo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 wakubwa wa Uingereza waliacha sangara aingie ziwa Victoria, naye akala, pamoja na mambo mengine, aina karibu mia mbili za samaki wadogo ambao Mungu aliwaumba mahali pale tu na si mahali pengine duniani. Viwanda vilipata faida, na wavuvi wengi pia. Lakini aina zilizokufa hazitaitwa tena. Basi hatusemi kila kitu cha kigeni ni kibaya. Twasema asiye na uwezo wa kupima asifungue mlango peke yake, na mwenye uwezo wa kupima apime kweli kabla ya kusaini. Amri hii inamshika mtu wa ofisi kwanza, kisha mama wa vipando.

Kwa hiyo tunamwambia mama: unga wa muhogo ulete, mihogo mikavu ilete, haina macho ya kuchipua. Ukisikia kuna mbegu njema ng'ambo, mwambie agronomi, mpeleke hata mara tatu akikuchelewesha. Na vile vipando ulivyokwisha kuvificha, usivigawie jirani. Mwite anayejua avitazame. Akisema vichomwe, vichome. Hiyo ndiyo kitubio chake, nayo ni nafuu kuliko msamaha wa miaka kumi baadaye.

Linabaki swali ambalo halijaulizwa na mtu, kwa sababu linatugusa wengi. Na mnunuzi je? Mvuvi wa usiku asingetoka kama beseni halingojwi pwani. Katika mafundisho juu ya wizi, anayepokea kwa kujua anashiriki. Watu wa mjini wanapenda kuwasema wavuvi, kisha wanatuma mtoto akatafute ndakala wabichi mwezi wa Julai, na hawaulizi. Hakuna hata kisingizio cha Kwaresima, maana haimo katika miezi ile. Ndakala wakavu wa kabla ya kufungwa wako, maharage yako.

Lakini miezi hiyo inakwisha tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni. Katika parokia nyingi za ziwa siku hiyo kuna Misa kubwa, watoto wanapokea Komunio ya kwanza, na baada ya Misa kuna meza ya wageni, na juu ya meza, mikebuka na ndakala wabichi. Samaki aliye mbichi saa sita mchana wa tarehe 15 alivuliwa usiku wa tarehe 14. Halmashauri za parokia zinazotayarisha sherehe hiyo zifanye hesabu yao mapema, na kama zinataka samaki wa ziwa, meza iwekwe Jumapili inayofuata.